Fisi Ataanguka Ukurasa wa Saba

Kama hujawahi kupita Isongole, ndugu msomaji, nikueleze kwanza baridi yake. Ni mahali palipokaa juu, kando ya lami iendayo Tukuyu kutoka Mbeya, jirani na Mlima Rungwe. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hushuka kutoka msituni alasiri, na ukisimama barabarani gari hulioni mpaka likufikie, unalisikia tu. Malori ya kwenda na kutoka Kasumulu, mpakani na Malawi, yanavuma kupanda kilima, kosta zinapiga honi, wapakiaji wanagombana juu ya magunia ya viazi yaliyofungwa lumbesa. Mtu akikuambia shamba ni kimya, mwambie aje huku.

Mdogo wangu amezaliwa katikati ya kelele hizo. Ni mtoto wa mama mdogo. Jina lake naliweka kando kwa sababu hajanipa ruhusa ya kuliandika. Ana miaka tisa. Ukungu ukiwa mzito yeye hukaa nyuma ya ua akitaja magari kwa milio yao: "Tela. Fuso. Kosta. Tela." Hakosei hata moja. Lakini kelele asiyoitegemea ni kitu kingine kabisa. Hiyo inamchoma kama maji ya moto. Kigelegele kimoja cha ghafla, basi, anaziba masikio, anajipiga kichwani, anapiga yowe kubwa kuishinda ile kelele iliyomshtua.

Daktari mmoja Mbeya ndiye aliyetupa neno usonji. Kabla ya hapo tulikuwa na maneno mengine, nayo sitayaandika. Kijiji kina msamiati mpana kwa watoto wa namna hii, na karibu wote mwisho wake unamwangukia mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Nilipiga hesabu ya haraka: shule ya watoto 800 ingekuwa nao kama 6. Mimi nimesoma katika shule kubwa kuliko hiyo na sikumbuki kumwona hata mmoja. Walikuwa wapi? Mnajua walikuwa wapi.

Sasa niwaambie kisa chenyewe. Miaka miwili iliyopita tulimpeleka kwenye sherehe ya shule moja, siitaji. Kulikuwa na ngoma, ngonjera na igizo la wanafunzi. Ukumbi umejaa mpaka madirishani, spika mbili kubwa kama makabati. Igizo lilikuwa halijafika hata robo pale kipaza sauti kilipopiga mluzi ule wa kupasua kichwa, halafu akina mama wakapokea kwa vigelegele. Mdogo wangu akapiga yowe. Mshereheshaji, kijana mchangamfu tu, wala si mtu mbaya, akasema kwenye spika: "Jamani, huyo mtoto mtoeni. Mtoeni nje huyo, anatuharibia." Watu wakacheka. Mama mdogo akambeba mgongoni, mtoto wa miaka saba mwenye miguu mirefu inayoning'inia hadi magotini mwake, akashuka naye barabarani kwenye ukungu. Hakulia. Alipofika nyumbani alisema neno moja: "Basi."

Na ikawa basi kweli. Kanisani hakumpeleka tena, wala gulioni, wala msibani. Baba mdogo yuko machimboni Chunya, anarudi anapopata, kwa hiyo mama mdogo naye akawa haendi popote, maana angemwachia nani?

Lakini lililoniuma zaidi ni jingine. Mdogo wangu hana maneno mengi ya kwake mwenyewe. Mengi ni ya kuokota: anachukua sentensi ya mtu na sauti ya mtu huyo, anaitunza, anaitoa siku anayotaka yeye. Miezi mingi baada ya sherehe ile alikuwa akisema, kwa sauti ya yule kijana, pamoja na mwangwi wa spika: "Mtoeni nje huyo. Mtoeni nje huyo." Akiwa anaoga. Akiwa anamenya viazi. Usiku kitandani peke yake. Mama mdogo akiyasikia hutoka nje, ati anaenda kuangalia ng'ombe.

Mimi ni mtu wa michezo ya kuigiza. Nimeigiza tangu darasa la nne, nimesoma sanaa kidogo, na mtu akiniuliza kazi yangu nasema nalima viazi na natunga michezo. Viazi ndivyo vinavyonilisha. Kwa hiyo niliona aibu ya mtu aliyegundua kwamba nyumba yake ina mlango unaobana vidole vya watoto. Nikaanza kuulizauliza na kusoma.

Nikakuta kwamba wenzetu wamelitafutia dawa. Tarehe 2 Oktoba 2011, katika ukumbi wa Minskoff jijini New York, shirika liitwalo Theatre Development Fund liliandaa onyesho la kwanza Broadway lililopangwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye usonji na familia zao. Palipokuwa na kishindo walipunguza sauti, taa za kumulika macho wakazipunguza makali, wakatenga sehemu za mtu kwenda kutulia, na familia zikapewa mapema maelezo yenye picha ya nini kitatokea. Mtoto akisimama, akisema, akitoka, hakuna wa kumkodolea macho. Na igizo lenyewe, msomaji, ni lipi? The Lion King! Simba, Rafiki, Pumbaa. Nilicheka peke yangu. Maneno yetu yamevuka bahari yakaenda kuwatuliza watoto wa New York, na huku nyumbani tunasema mtoeni.

Jina la jambo hili kwa Kiswahili lilitusumbua. Kwa Kiingereza wanatumia neno lenye maana ya kulegea. Mwanzoni niliita "onyesho la kujiachia", wajomba wakaangua kicheko, wakaniuliza kama bia itauzwa. Mama mdogo ndiye aliyesema, bila kuniangalia, "Si useme tu la taratibu." Ikawa onyesho la taratibu. Nililipenda kwa sababu neno hilo lina pande mbili: upole, na kujua kitu gani kinafuata kipi.

Hapo kwenye kujua kinachofuata ndipo nilipokwama. Sisi watu wa jukwaani tumefundishwa kwamba utamu wa mchezo ni kushtukiza. Usimwambie mtazamaji mwisho! Ukimwambia umeua mchezo. Na maandalizi ya watoto hawa ni kinyume chake: unawaambia kila kitu, mpaka dakika. Kwa wiki nzima nilikuwa najiuliza, sasa kitabaki nini cha kutazama?

Bibi ndiye aliyenitoa hapo, tena bila kujua. Jioni moja jikoni alikuwa akiwasimulia wajukuu kisa cha fisi na njia panda, kile ambacho kila mtu anakijua: fisi amesikia harufu ya nyama njia hii, amesikia harufu ya nyama njia ile, anataka kote, mguu huu huku, mguu huu kule, mpaka anapasuka msamba. Watoto walikuwa wanamtangulia. Akikosea neno wanamsahihisha. Walipofika karibu na kupasuka walishikana mikono kwa furaha, wakati walishakisikia labda mara hamsini. Mimi pia nilikuwa nakingoja! Nikajiuliza ni nani hasa aliyetufundisha kwamba kisa kinachojulikana kimekufa.

Na si jikoni kwa bibi tu. Mwaka 1977 pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Kenya, hayati Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipotayarisha mchezo wao na wanakijiji, mazoezi yalifanywa hadharani. Watu walipita, wakakaa, wakasahihisha, wakaondoka, wakarudi. Siku ya kufungua, wengi walishajua maneno ya mchezo karibu yote, na bado walikuja kwa wingi. Serikali ndiyo iliyoufunga, si uchovu wa watazamaji. Ule mtindo wa kukaa kimya gizani mikono mapajani tumeupokea pamoja na majumba ya michezo ya mkoloni. Ngomani nani alikaa kimya?

Basi tukachagua fisi na njia panda.

Tulipata godauni la viazi lililokuwa tupu kwa wiki mbili. Waigizaji walikuwa watoto wa jirani kumi na mmoja, na fisi akawa kijana anayeuza vocha pale stendi, mrefu, mwenye moyo mzuri. Watazamaji tuliowalenga walikuwa wanne: mdogo wangu, binti mmoja anayeshtuka mpaka kuzimia akisikia mlipuko, kijana mwenye mtindio wa ubongo anayetembezwa kwenye toroli la shambani, na mtoto mmoja ambaye kwao hawajawahi kumpa tatizo lake jina lolote, wanasema tu "huyu wetu". Kuwapata hao wanne ilikuwa kazi kuliko mchezo wenyewe. Mama yake kijana wa toroli alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Mwanangu, mchezo ni huo wa fisi, au mchezo ni hawa wetu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Niliporudi kwake siku ya pili nilimwambia milango ya godauni ni miwili, akae karibu na autakao, na kama ataona mtu hata mmoja anamtazama mwanawe badala ya fisi, aondoke, na mimi nitavunja mchezo palepale. Akasema atafikiria.

Maandalizi yenyewe tulianza na daftari. Marekani kuna mwalimu aitwaye Carol Gray, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianzisha hadithi fupi za kumweleza mtoto mwenye usonji jambo litakalomkuta kabla halijamkuta. Mimi nilinunua kaunta buku, nikachora. Ukurasa wa kwanza: hili ndilo godauni, mlango ni wa bluu, ndani pananuka viazi. Wa pili: dada atasimama mbele atasema karibuni. Wa tatu: ngoma italia, kidogo, kisha itanyamaza. Wa nne: huyu ni fisi, lakini si fisi, ni kaka anayeuza vocha, amevaa kichwa cha boksi. Na kuendelea. Ukurasa wa saba: fisi anaanguka. Haumii. Watoto watacheka. Wa nane: hatupigi makofi, tunapunga mikono juu, kama wafanyavyo viziwi. Nilitengeneza madaftari manne, kila nyumba moja, nikasema lisomwe kila jioni.

Mdogo wangu alilisoma mpaka likachakaa. Baada ya siku tatu nilikuwa nikifungua mdomo tu ananitangulia: "Ukurasa wa saba. Fisi anaanguka. Haumii." Siku moja niliruka ukurasa makusudi, akanifunga mdomo kwa kiganja.

Halafu tukawaleta godaunini kabla ya siku, mmoja mmoja. Wakanusa. Wakagusa ukuta. Kichwa cha fisi wakakivaa wenyewe, wakaona yule kaka anakivua na sura yake iko palepale. Ngoma ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilidhani tuiondoe kabisa, lakini mdogo wangu alipoachwa nayo aliweka kiganja juu ya ngozi, akapiga mara moja, akasikiliza mpaka mlio ukaisha wote, akapiga tena. Alikaa nayo karibu saa nzima. Kumbe haichukii ngoma. Anaichukia ngoma ya mtu mwingine inayokuja bila hodi. Tukakubaliana kwamba kila ngoma inapokaribia kulia, mpigaji anainua mkono kwanza, wote wauone.

Kupasuka kwa fisi kulitupa taabu. Wavulana walitaka kuchana shuka kuukuu, chaaa! Ilikuwa nzuri sana. Mdogo wangu alikimbia mpaka barabarani. Tukajaribu njuga, tukajaribu filimbi. Mwisho yule muuza vocha akasema, "Acheni, mi nitakaa tu chini," akafungua miguu pole pole, akakaa chini kwa uso wa mtu aliyesahau pochi kwenye kosta. Tulicheka mpaka tukaumia mbavu. Hakuna kishindo cho chote kilichowahi kunichekesha hivyo.

Na tuliwaandaa pia watoto wengine, wale wasio na shida yo yote, maana hao ndio wanaocheka vibaya. Huko sikutumia maneno mengi. Niliwaomba wazibe masikio na mmoja wao awapigie debe ghafla nyuma ya kisogo. Walielewa.

Siku yenyewe, Jumamosi saa nne asubuhi, jua limetoka, ukungu bado. Watu arobaini tu, tuliwahesabu mlangoni. Milango yote miwili wazi. Chumba cha pembeni tulitandika mkeka na magunia matupu kwa anayetaka kutulia. Mama yake kijana wa toroli alikuja, akasimama nje ya mlango wa nyuma, mguu mmoja ndani. Mama mdogo akaja wa mwisho, kamshika mwanawe mkono kwa nguvu kama mtu anayevuka mto.

Tukiwa tayari kuanza, akaingia mwenyekiti wa kitongoji. Amevaa koti. Akaniambia kwa upole kwamba atatoa neno fupi la ufunguzi, si unajua, ni utaratibu. Nchi hii hata harusi ya paka ina mgeni rasmi. Alipopiga hatua ya kwanza kwenda mbele mdogo wangu akasimama, akasema kwa sauti: "Hakuna ukurasa." Mwenyekiti akaniangalia. "Hakuna ukurasa!" Mikono ilishaanza kupanda masikioni, na nikaona mama mdogo anatafuta mlango kwa macho.

Nikaomba kalamu. Nikapiga goti palepale kwenye sakafu, nikachora kati ya ukurasa wa pili na wa tatu mtu mwenye koti, nikaandika: Mwenyekiti anasema. Dakika 2. Nikamwonyesha mdogo wangu. Akautazama muda mrefu. Akautazama na mwenyekiti, kuanzia viatu. Kisha akasema, "Dakika mbili," akakaa. Na yule mzee, Mungu ambariki, alizungumza dakika mbili kwa saa yake, tena kwa sauti ya chini, nadhani ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote. Akamaliza, akapunga mikono juu kama alivyofundishwa mlangoni.

Ndipo nikasimama mimi, nina mafua, nikasema maneno ya ukurasa wa pili: "Karibuni. Mchezo ni wa dakika thelathini. Ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kutoka, toka. Ukitaka kurudi, rudi."

Sitawasimulia mchezo, mnaujua. Binti yule wa kuzimia alikaa chini ya meza na daftari lake, akifunua kurasa moja moja kadiri tulivyokwenda, na mara moja alitusahihisha. "Huyu wetu" alipanda mbele akakaa karibu na mpiga ngoma mpaka mwisho, tukamzunguka tu. Mdogo wangu alitembea. Alizunguka ukuta kwa ukuta, akitaja kurasa. Tulipofika ukurasa wa tano, lori lilipiga breki za upepo nje, naye akatoka kulifuata.

Mama mdogo akainuka. Bibi, aliyekuwa mlangoni makusudi, akamwambia, "Wewe kaa. Ninaye."

Akakaa. Nilikuwa pembeni mwa jukwaa na nilimwona vizuri. Mwanzoni alikuwa anaangalia mlango, kisha mlango na fisi, kisha fisi. Muuza vocha alipofungua miguu na kukaa chini kwa uso wake ule, mama mdogo alicheka. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Mimi sikumbuki mara ya mwisho kumwona hivyo. Labda kabla ya Chunya. Kule nyuma mama wa kijana wa toroli alikuwa ameingiza mguu wa pili.

Mikono ilikuwa bado inapungwa juu mdogo wangu aliporudi na bibi. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Fisi ameanguka?"

"Ameanguka."

"Haumii."

"Haumii."

"Ukurasa wa saba," akasema, akatoka tena kwenda kwenye malori. Hakuonekana kama mtu aliyekosa kitu.

Juma lililofuata nilikwenda kwao jioni kuchukua ndoo. Nilimsikia zizini kabla sijamwona. Alikuwa anazungumza na ndama, kwa sauti yangu mimi, na mafua yangu yote: "Karibuni. Ukitaka kutoka, toka. Ukitaka kurudi, rudi." Ile nyingine haijaisha, nisiwadanganye, Jumanne iliyopita nimeisikia tena, mara mbili. Lakini hii nayo ipo sasa, anazibadilisha.

Mama mdogo alikuwa anakamua. Hakugeuka.

"Mwakani mtacheza nini?" akaniuliza.

Nikamwambia bado hatujaamua.

"Mkiamua niambie mapema," akasema. "Na mwisho wake uniambie."